Jiwe la Nani Liliziba Chemchemi?

Katika bonde la Norris, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone nchini Marekani, ipo chemchemi ndogo ya maji moto iitwayo Minute Geyser, yaani chemchemi ya dakika. Zamani jina hilo lilisadifu tabia yake: kila baada ya sekunde 60 ilirusha maji angani, mara nyingine hadi mita 12 au 15. Leo jina limebaki bila tabia. Tundu lake kubwa, la upande wa magharibi, limezibwa kwa mawe. Maji hutokea katika tundu dogo la mashariki, tena bila mpangilio.

Mawe hayo yalitupwa na watu. Enzi za magari ya farasi, kituo cha wasafiri kilikuwa karibu na hapo, na wageni waliyatumbukiza tunduni. Chemchemi ya namna hii huishi kwa mfereji wake. Maji huzama ardhini, hupata joto kali, na uzito wa maji yaliyo juu huyazuia yasichemke mapema. Hatimaye mvuke huushinda uzito huo na kuyafyatua. Mfereji ukizibwa, joto lipo na maji yapo, ila njia haipo.

Basi ni nani aliyeiziba? Swali hili ni gumu kuliko linavyoonekana. Eubulides wa Mileto, katika Uyunani ya kale, anahusishwa na fumbo la rundo: punje moja si rundo, na kuongeza punje moja hakugeuzi kisicho rundo kuwa rundo, rundo basi huanzia wapi? Kila mgeni wa Norris angeweza kujitetea kwa hoja hiyohiyo. Jiwe lake peke yake halikuziba kitu. Kabla yake maji yaliruka, na baada yake yaliruka. Wote wakijitetea hivyo, tundu limezibwa na hakuna aliyeliziba.

Utetezi huo una kasoro. Unapima jiwe moja kana kwamba mtupaji alikuwa peke yake duniani, ilhali alisimama kituoni, mahali pa kupita watu, akijua kwamba waliomtangulia walikuwa na mikono na watakaomfuata watakuwa nayo. Haba na haba hujaza kibaba: methali hiyo husemwa kumsifu mweka akiba, lakini hesabu yake haichagui kati ya akiba na uharibifu. Anayejua kwamba kibaba kinajazwa hawezi kudai kuwa yeye alitia punje tu. Lawama ya pamoja haigawanywi kama urithi, kila mmoja akaondoka na kipande kisichomlemea.

Atatokea wa kusema kwamba chemchemi haina hisia, hivyo haikudhulumiwa. Tukubali kwamba haina. Bado wapo waliodhulumiwa: wote waliokuja baadaye wakakuta jina tu. Na waliowanyima waliyatupa mawe yao mahali walipokuwa wamesimama kushangaa.

Linabaki suala la kutengeneza. Wasimamizi wa hifadhi wanaeleza kwamba kuyaondoa mawe kungehitaji mitambo mizito, nayo ingeharibu sana eneo linalozunguka. Kwa hiyo yameachwa. Mtu aliyezoea kuamini kwamba toba ya kweli ni kurudisha kilichochukuliwa ataona huu ni uzembe. Lakini kuna makosa ambayo kuyafuta ni kuyarudia kwa chombo kikubwa zaidi. Maji yakimwagika hayazoleki, na anayechimba sakafu ili ayazoe huongeza hasara. Linalowezekana ni dogo na halina fahari: kutoongeza jiwe, na kumweleza kila mgeni kwa nini tundu limenyamaza. Siku hizi kutupa kitu chochote katika chemchemi za Yellowstone ni kosa la kisheria. Sheria hiyo haiwezi kuzibua tundu la magharibi, ila inakataa utetezi wa jiwe moja.