Haki ya Usingizi

Mtu akimwaga maji machafu uani mwa jirani, hapana atakayeuliza kama ana haki. Akimwaga kelele, watu husitasita. Husema kuwa duka ni lake, umeme ameulipia, na riziki yake ni ya halali. Yote ni kweli. Lakini sauti haikai dukani. Hupenya ukuta, ikaingia chumbani mwa mtu asiyenunua kitu, ikamtoza usingizi wake.

Kenya iliweka kanuni za kelele mwaka 2009. Penye makazi, sauti ya nje isizidi desibeli 50 mchana na 35 usiku. Na usiku wa kanuni hizo huanza saa mbili, hukoma saa kumi na mbili asubuhi. Katiba ya 2010 ilizikabidhi serikali za kaunti kazi ya kudhibiti kelele. Desibeli hazihesabiwi kama shilingi: kila zinapozidi kumi, nguvu ya sauti huzidi mara kumi. Baa inayotoa desibeli 65 usiku imevuka kipimo mara 1,000.

Hata hivyo kanuni hizo zina upungufu, na mtu wa Changamwe huuona upesi. Bandari ya Kilindini hufanya kazi usiku na mchana. Mpakuzi wa shehena arudiye Chaani alfajiri hulala wakati fundi wa kuchomelea vyuma anafungua karakana, na saa hizo sheria ni laini zaidi. Je, usingizi wa mchana una thamani ndogo? Lakini tukimfunga fundi mikono mchana, atafanya kazi lini?

Mimi naona kelele ya kazi si sawa na kelele ya kunadi. Nyundo haigongi chuma kimya kimya. Kipaza sauti kilichoelekezwa barabarani, kiwe cha Likoni au Kisauni, kinaita wateja tu. Mwenyewe akikigeuza ndani, walioketi hawatapungukiwa na wimbo hata mmoja. Huyu hana udhuru.

Wapo wasemao kwamba aliyetangulia kujenga ndiye mwenye haki, na achukiaye kelele ahame. Ahamie wapi, ikiwa kodi anayoimudu ni ya chumba hicho tu? Kwa fundi, sheria peke yake haitoshi. Yampasa ajue ni nani alalaye nyuma ya ukuta wake. Akijua, aweza kupima na kupaka rangi asubuhi, akakata vyuma alasiri, mpakuzi akisha kuamka.