Je, Msamaha Usioombwa ni Msamaha?



Mhariri alituomba tuandike juu ya urafiki, akidhani labda kwamba mwalimu mstaafu hana kazi nyingi. Tulikubali upesi. Tulidhani tutaujaza ukurasa kwa mithali tatu na mifano miwili, kama tulivyokuwa tukifundisha insha darasani. Lakini tulipoketi na kalamu, alitujia akilini rafiki mmoja tu, na kumbukumbu yake ina swali ambalo hatujaweza kulijibu hata leo. (Twasema "sisi" kwa desturi ya waandishi wa zamani. Aliyetenda yatakayosimuliwa ni mtu mmoja, wala hakuna mwingine wa kushirikishwa lawama.)

Rafiki huyo hatutamtaja jina, maana watoto wake wapo na wajukuu wake wengine tumewafundisha kusoma. Alikuwa karani katika shamba moja la mkonge upande wa Muheza, Mwislamu mshika dini, naye alituzidi umri kwa miaka thelathini hivi. Kilichotukutanisha ni stempu.

Ilikuwa mwaka 1981, tukiwa karibu kumaliza chuo cha ualimu. Tulikuwa tumesimama dirishani katika Posta ya Tanga tukimsumbua karani atutafutie stempu za vipepeo, zile za Tanzania zilizotolewa mwaka 1973. Karani alikuwa amekwisha kukasirika, na foleni nyuma yetu ilikuwa inaguna. Ndipo mtu mzima mmoja aliyevaa koti juu ya kanzu akasema, "Kijana, muache mwenzio afanye kazi. Vipepeo ninavyo nyumbani. Wewe una nini?"

Wewe una nini? Hivyo ndivyo urafiki ulivyoanza, kwa kuulizana mali. Tulipokuwa chuoni tulisoma kwamba Aristotle, mwanafalsafa wa Uyunani, aliugawa urafiki mara tatu: wa faida, wa furaha, na wa wema, na kwamba ule wa faida hufa faida ikiisha. Basi kwa kipimo hicho wetu ulikuwa wa daraja la chini kabisa. Yeye alikuwa na barua za ofisi kutoka Ulaya, na sisi tulikuwa na pembe za bahasha tulizopewa na wauguzi na mapadre tangu tulipokuwa wadogo. Jumapili alasiri tulikwenda kwake, tukasema shikamoo, tukaletewa kahawa na kashata, halafu albamu zikafunguliwa juu ya mkeka.

Ambaye hajawahi kukusanya stempu atatucheka, na ana haki. Lakini tuseme kidogo, maana yule mzee hakuwa mtu wa kukusanya vikaratasi vya rangi tu. Stempu ya kwanza ya kubandika duniani ilitolewa Uingereza mwaka 1840, nyeusi, yenye kichwa cha Malkia Victoria, ya peni moja. Kwetu zilikuja na watawala. Mzee alikuwa na zile za Wajerumani zenye picha ya Hohenzollern, merikebu ya Kaizari wao, za thamani ya heller. Na yeye ndiye aliyetufundisha kwamba neno letu hela limetoka huko. Halafu zile za Tanganyika za mwaka 1922 zenye kichwa cha twiga. Halafu za mwaka 1935 na kuendelea, zenye majina ya Kenya, Uganda na Tanganyika pamoja, ambazo mtu aliweza kuinunua moja Kisumu akaitumia Tanga. Ukurasa wa mwisho wa stempu za pamoja aliuacha na nafasi tupu chini. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, yeye alikuwa bado anatumaini. Tulipomwuliza nafasi zile ni za nini, alijibu, "Za watakaopatana."

Kanuni yake ya kubadilishana ilikuwa moja. "Ukinipa yenye dosari, niambie. Nitaichukua hivyo hivyo, lakini niambie." Stempu iliyopungukiwa jino moja pembeni aliiita bwana harusi asiye na jino la mbele: ni bwana harusi vilevile, lakini heri wakwe wajue mapema.

Sasa tufike mahali panapouma. Mwaka 1983 bidhaa zilikuwa zimeadimika. Wenye umri wetu wanakumbuka foleni za sukari, na jinsi mche wa sabuni ulivyokatwa vipande kwa uzi ili majirani wagawane. Tulikuwa mwalimu mpya, mwenye mshahara mpya na nguo nyeupe za kufulia. Mwezi Agosti mzee alimtuma mwanawe kwa baiskeli kutuletea nusu mche wa sabuni, umefungwa katika gazeti, bila neno lolote. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na mithali hiyo tulikuwa tumeiandika ubaoni wiki ileile.

Mwezi huohuo tulipata stempu ya twiga ya shilingi 5. Ilikuwa juu ya kipande cha bahasha nene, nasi tukaiweka katika maji ya vuguvugu ili gundi iachie, kama ifanywavyo. Kazi hiyo yataka subira. Hatukuwa nayo. Tuliivuta kabla ya wakati, na kona ya juu ikachanika ikabaki kwenye bahasha. Tulikaa tukiitazama kwa muda mrefu. Kisha tukaiunga kwa nyuma kwa uji mwepesi wa muhogo, tukaibana chini ya kamusi siku tatu, na ilipotoka hata sisi wenyewe ilitubidi tuitafute ile alama.

Jumapili, tumetoka Ibadani, tukampelekea. Aliisogeza karibu na dirisha, akaigeuza, akasema, "Amekaa vizuri twiga huyu." Hatukusema kitu. Akafungua albamu, akang'oa stempu sita za merikebu ya Kaizari, zote zimepigwa muhuri wa Tanga, akatupa.

Kwa nini tulifanya hivyo? Tumejiuliza mara nyingi. Hatukuwa na njaa ya stempu sita. Kama tungemwomba, angetupa. Twadhani tulitaka, mara moja tu, kuja kwake na kitu kikubwa, tusiwe daima kijana anayepewa. Ndiyo maana tuliona haya kusema ina dosari: zawadi ya fahari haitaki kuanza na maelezo.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1986, alituita tuone jambo. Alikuwa na kisahani cheusi na chupa ndogo ya benzini. Alilaza stempu kifudifudi ndani ya kisahani, akadondosha matone machache, na palepale mstari mweusi ukajitokeza katikati ya karatasi kama kovu. Palipochanika na kuungwa, alisema, panakunywa tofauti na palipo pazima. Jicho laweza kudanganywa lakini benzini haidanganywi. Stempu aliyoitumia ilikuwa yake mwenyewe, ya Zanzibar, wala si ya twiga. Tuliketi wote wawili tukiingojea ikauke, na benzini hukauka upesi, lakini siku ile ilionekana kukawia. Kisha akauliza, "Umeelewa, Mwalimu?" Tukajibu, "Nimeelewa, Mzee."

Usiku ule hatukulala vizuri. Tulijifariji kwamba huenda elimu ile ameipata majuzi tu, na kwamba hatakuwa na haja ya kuwapima wote walio katika albamu. Tulikusudia kumwambia wiki ifuatayo. Wiki ifuatayo palikuwa na wageni. Baadaye tukahamishwa shule, tukarudi, tukaoa, watoto wakaja, mzee akastaafu, na kila mwaka uliopita ulifanya neno lile kuwa zito zaidi, kwa sababu sasa tungelazimika kukiri pamoja nalo miaka yote ya kunyamaza. Alifariki mwaka 2011. Tulisimama makaburini pamoja na jamaa zake, tukatupia mchanga, tukarudi nyumbani na ile kona.

Mwaka 2023, baada ya mama yao pia kufariki, mwanawe mkubwa, yuleyule wa baiskeli na sabuni, alitupigia simu. Sanduku la baba limefunguliwa, albamu zimo. Je, Mwalimu aweza kuja kuzikadiria bei, warithi wagawane kwa haki? Tulikwenda. Tulizipitia moja baada ya moja hadi tukamfikia twiga. Chini yake, kwa penseli, kwa mwandiko wake wa ukarani, palikuwa pameandikwa: "Shs. 5. Ya Mwalimu. 14/8/83. Kona imeungwa. Asiulizwe."

Tarehe ile ni ya Jumapili ileile. Alijua siku ileile, pengine palepale dirishani.

Tangu siku hiyo neno "asiulizwe" halijatuacha. Alimwandikia nani? Albamu zile hakuna aliyezishika ila yeye. Twaona alijiandikia mwenyewe, kama mtu afungaye fundo katika leso asije akasahau. Alijiamuru asituulize, naye akajitii kwa miaka ishirini na minane.

Je, huo ni msamaha? Tulimsimulia mzee mwenzetu mmoja wa kanisa, naye akasema hapana, rafiki wa kweli husema, na msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Kunyamaza ni kumwacha mwenzako shimoni. Neno lake lina uzito. Fikirini mtu anayedaiwa. Mwenye deni, kwa huruma, anaichana hati usiku ndani ya nyumba yake, wala hamwambii mdaiwa. Deni limekufa. Lakini yule mdaiwa bado anapita njia ya nyuma asikutwe, bado anashtuka akibishiwa hodi. Amesamehewa, na hajui. Basi msamaha ule umemfaa nini? Sisi tuliishi hivyo. Tulikunywa kahawa yake miaka ishirini na minane kama watu wanaodaiwa, kumbe hati ilichanwa siku ya kwanza.

Hata hivyo hatuwezi kumlaumu. Tulikuwa na miaka ishirini na mitatu na kiburi cha cheti kipya. Angetuuliza siku ile tungekana, na tukishakana tusingerudi kwake tena. Nasi darasani tumewahi kumwona mtoto akinakili kwa mwenzake tukageuza uso kwenda dirishani, kwa sababu tulijua kwamba kumshika mbele ya wenziwe kungemvunja. Tofauti ni kwamba mtoto yule tulimwita baadaye, peke yake. Na mzee naye, tukifikiri vizuri, alituita. Kile kisahani cheusi kilikuwa ni kuita. Hakuvunja amri yake, maana hakutuuliza kitu juu ya twiga. Aliuliza tu kama tumeelewa. Mlango aliuacha wazi akaketi kando yake kuungoja. Sisi ndio tuliosema tumeelewa tukabaki nje.

Kwa hiyo tunapoulizwa kama msamaha usioombwa ni msamaha, twaelekea kusema kwamba kwa upande wa anayesamehe umetimia kabisa, hauhitaji kitu kutoka kwetu. Kwa upande wetu haujaanza. Kanisani tunaungama sote pamoja kila Jumapili, na sauti zetu huchanganyika hata hakuna amsikiaye mwenzake. Ni jambo jema, na pia ni rahisi. Mara ngapi tumeyasema maneno yale tukiwa na kona ya twiga mfukoni, hatuitaji? Hapo ndipo swali linapotushinda: je, yawezekana kuomba leo kilichotolewa mwaka 1983 na mtu aliyekwisha kwenda?

Lililowezekana tulilifanya. Wiki iliyofuata tulirudi kwa mwanawe na bahasha yenye zile stempu sita za merikebu, kwa kuwa tulizipata kwa hila na sasa ni mali ya warithi. Tukamweleza yote tangu maji ya vuguvugu hadi benzini. Si rahisi kwa mtu mwenye mvi kumsimulia hayo mtu aliyemletea sabuni akiwa mtoto. Alisikiliza bila kutukatiza, akazihesabu zile sita, akazitia katika nafasi zake, maana baba yake hakuwa ameweka nyingine mahali pale.

Kisha akauliza, "Sasa, Mwalimu, kama hizi zimerudi, huyu twiga ni wa nani?"

Hatukuwa tumelifikiria hilo. Tulimwomba abaki alipo, na katika orodha ya bei tukaandika mbele yake kwamba kona imeungwa. Akachukua ufutio, akauliza kama ayafute yale maandishi ya penseli kabla ndugu zake hawajayaona.

Tukamwambia asiyafute.