Mgeuze Bata Wako Umtazame Nyayo

Jioni ya leo, kabla hujafunga banda, mkamate bata wako umtazame chini ya miguu. Leo hii. Usiseme mpaka nipate nafasi, maana kazi yenyewe haifiki dakika tano, na wewe unaiweza. Huhitaji cheti cha udaktari. Unahitaji taulo, mwanga wa kutosha na nia.

Tunawapenda bata wetu, hilo halina ubishi. Watoto wamewapa majina, wanawatupia mchicha, wanacheka wakiwaona wamepanga mstari kwenda kwenye beseni la maji. Lakini ni wangapi kati yetu tuliowahi kuziona nyayo zao? Ndege huficha maumivu, kwa sababu porini anayeonekana dhaifu ndiye anayeliwa kwanza. Bata akianza kuchechemea mbele ya macho yako, huenda mguu umemsumbua siku nyingi. Tusingoje achechemee!

Msogelee polepole giza linapoanza kuingia, wakati ametulia. Mshike kiwiliwili, mabawa uyabane kwa mikono miwili, kisha mviringishe kwenye taulo na umpakate. Usimnyanyue kwa miguu hata siku moja: miguu ya bata ni dhaifu kuliko ya kuku, huteguka upesi. Na kama wako ni yule mkubwa mwenye nyama nyekundu usoni, vaa nguo ya mikono mirefu, kwani kucha zake zinakwaruza kwelikweli.

Sasa geuza unyayo. Unyayo wenye afya una magamba madogomadogo yaliyopangana vizuri, na ukiupapasa hauna joto la kupita kiasi. Linganisha wa kulia na wa kushoto. Tandaza vidole, tazama utando kama umechanika, au kama kuna uzi uliojizungusha kidoleni ukazuia damu. Kisha rudi katikati ya unyayo, hapo ndipo penye habari. Ngozi imekuwa nyekundu, inang'aa, yale magamba yamesagika? Tatizo limeanza. Kuna kigaga cheusi na uvimbe chini yake? Bakteria wamekwisha kuingia, mara nyingi ni wale waitwao Staphylococcus aureus, ambao hukaa hata kwenye ngozi yenye afya wakingoja upenyo tu: mkwaruzo, mwiba, kokoto kali.

Upenyo huo mara nyingi tunautengeneza sisi. Ua wa nyumba nyingi za mjini ni saruji tupu, na bata anashinda juu yake kutwa, ilhali mguu wake umeumbwa kwa tope, majani na maji. Sakafu ya waya ni mbaya zaidi. Ongeza mkate na ugali wa kila siku, bata ananenepa, na uzito wote unaelemea nyayo mbili. Halafu banda lenye kinyesi na unyevu linamalizia kazi. Kwa hiyo dawa ya kwanza si ya dukani. Tandika maranda ya mbao au nyasi kavu, badilisha kila yanapolowa, punguza makombo, na mpe maji safi ya kuogelea, kwa sababu akiwa majini miguu inapumzika. Wekundu uliowahiwa mapema mara nyingi hupona kwa hayo tu.

Kigaga kikiwa kidogo, loweka mguu kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi kwa dakika 10 hadi 15, safisha kwa iodini iliyozimuliwa mpaka iwe rangi ya chai, kausha, funika kwa shashi safi na bandeji isiyobana. Rudia kila siku. Nawa mikono kwa sabuni kabla na baada, maana bakteria hao humshambulia hata binadamu.

Ila usichukue wembe! Usaha wa ndege kwa kawaida haumwagiki ukitumbuliwa. Huganda ukawa donge gumu la manjano, na kulikamua ni kumtesa bure. Mguu uliovimba, wenye joto, au ambao bata hataki kuukanyagia, mpeleke kwa daktari wa mifugo bila kuchelewa, kwa sababu maambukizi hufika kwenye mfupa na kwenye viungo. Antibayotiki atoe yeye, na umuulize mayai yasiliwe kwa siku ngapi.

Vifaranga nao wana jambo lao. Kifaranga wa bata anahitaji takriban miligramu 55 za niasini kwa kila kilo ya chakula, wakati kuku wa nyama hutosheka na 35 hivi. Akilishwa chakula cha kuku peke yake miguu inaweza kupinda. Mwongezee dagaa waliosagwa, njegere zilizochemshwa au chachu ya bia, na uanze mapema, kwani mguu uliokwisha kukomaa umepinda ni vigumu kuunyoosha.

Chagua siku moja ya juma iwe siku ya kukagua nyayo nyumbani kwako. Mpe mtoto mmoja daftari aandike ni mguu upi, nini kimeonekana, nini kimefanyika. Wiki ijayo mkilinganisha, mtajua kama uvimbe unapungua au unakua, na daktari akiitwa atakuwa na pa kuanzia.