Ujira wa Mfanyakazi Walia Mbinguni

Kila Mkristo aliyefundishwa Katekisimu ajua ya kuwa ziko dhambi zinazomlilia Mungu. Ya kuua mtu kwa kusudi twaikumbuka sote, kwani damu ya Abeli ililia kutoka ardhini. Bali ile ya kumnyima mfanyakazi ujira wake, wengi wetu tuliikariri tukiwa watoto, na baada ya Kipaimara hatukuifikiri tena. Ni wangapi waliopata kuiungama? Leo twapenda kuikumbusha, kwa kuwa katika nchi yetu wako watu wafanyao kazi tangu alfajiri hata usiku, na bado watoto wao hulala na njaa.

Wako watakaosema: "Maskini tunao siku zote, na Kanisa latufundisha kutoa sadaka." Vema, kutoa sadaka ni wajibu. Lakini sadaka haiwezi kushika mahali pa haki. Mtu akimpunja kibarua wake shilingi elfu tano kila juma, kisha siku ya Noeli akampa kilo mbili za mchele, hakutoa sadaka. Amelipa sehemu ndogo ya deni lake, tena ataka kushukuriwa. Mtakatifu Ambrosi, Askofu wa Milano, aliwafundisha matajiri wa siku zake ya kuwa wampapo maskini humrudishia kilicho chake, maana Mungu aliiumba dunia kwa ajili ya wote.

Mafundisho haya hayakutoka kwa wanasiasa. Papa Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba mapatano peke yake hayatoshi kuhalalisha mshahara; sharti mshahara utoshe kumtunza mfanyakazi mwenye kiasi na mwenendo mwema. Mtu mwenye njaa hukubali lolote, na kukubali kwa namna hiyo si uhuru. Alitetea pia haki ya wafanyakazi kuungana katika vyama vyao. Papa Paulo VI, katika Populorum Progressio ya tarehe 26 Machi 1967, alieleza wazi ya kuwa haki ya kumiliki mali ina mipaka, wala hapana mtu awezaye kujiwekea ziada hali wengine wamekosa mambo ya lazima. Naye Papa Leo XIV, aliyechaguliwa Mei 2025, alieleza ya kuwa alitwaa jina hilo hasa kwa kumkumbuka Leo XIII na barua ile.

Barua ya Papa Paulo ilitoka majuma saba baada ya Azimio la Arusha kutangazwa, tarehe 5 Februari 1967. Azimio lilimkataza kiongozi kupokea mishahara miwili, kuwa na hisa katika makampuni, au kuwa na nyumba za kupangisha. Hatusemi ya kuwa yote yaliyofuata yalikuwa mema. Wazee wetu wazikumbuka foleni za sukari na sabuni, na watu waliohamishwa kwa nguvu katika miaka ya 1970. Hayo yalikuwa makosa, na mateso yao yasisahauliwe. Lakini masharti ya uongozi yalipolegezwa huko Zanzibar mwaka 1991, je, tulitupa makosa tu, au tulitupa na mbegu? Apepetaye mchele humwaga pumba, hamwagi chakula.

Chukueni habari ya kodi. Tozo ya miamala ya simu ilipoanza Julai 2021, mama kijijini aliyeletewa fedha ya dawa na mwanawe alikatwa sawasawa na mwenye maduka aliyetoa kiasi kile kile. Wananchi walilalamika, na Septemba mwaka ule ule tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Kodi iliyowekwa juu ya bidhaa za kila siku haimwulizi mnunuzi ana nini nyumbani. Haki yataka kila mtu achangie kwa kadiri ya uwezo wake: mwenye majumba, mwenye migodi na mwenye faida kubwa walipe zaidi, ili zahanati ipate dawa na shule ipate walimu. Serikali yo yote iogopayo kumtoza mwenye nguvu haina budi kumkamua mnyonge.

Lakini tusiinyoshee Serikali kidole na kuyafumbia macho ya nyumbani kwetu. Ni nyumba ngapi za Wakatoliki alimo msichana aliyeletwa kutoka kijijini, aamkaye wa kwanza na kulala wa mwisho, tena Jumapili hubaki jikoni wakati sisi tumo Misani? Amri ya Mishahara ya mwaka 2013 iliweka shilingi 40,000 kwa mwezi kwa mtumishi alalaye kwa mwajiri, na tangu hapo kiwango kimepandishwa. Ni wangapi waliopata hata kukiuliza? Wala sisi mapadre tusijitoe katika hesabu hii. Mpishi wa parokia, mlinzi wa shule na katekista wana watoto kama watu wengine. Parokia ijengayo mnara huku mshahara wa mlinzi umecheleweshwa miezi mitatu, kengele yake yamshtaki mbele ya Mungu yule aipigishaye.

Kwa hiyo twawasihi, ndugu wapenzi. Kabla ya kuungama tena, baba na mama wakae pamoja wajiulize: Nani ametufanyia kazi, na je, tumemlipa inavyopasa? Aliyedhulumu hatoshi kusikitika, sharti arudishe, kama Zakayo alivyofanya. Wafanyakazi wasiogope kuungana katika vyama vyao. Nao waombao kura waulizwe kwanza: Mzigo wa kodi mtamtwika nani?

Mungu awape wenye mali moyo wa haki, na wenye jasho wapate kula matunda yake kabla jua halijachwa.