Hofu ya Kiyama na Somo la Sanaa

Suala: Je, yafaa mwalimu wa sanaa kuwafanyisha watoto kazi juu ya mwisho wa dunia? Baadhi ya watu husema kuwa ni kuwatisha bure. Wengine husema kuwa hofu ndiyo iletayo ucha Mungu.

Jawabu twaiona katika habari za Machakos. Baada ya Vita Vikuu vya kwanza watu wa huko walizongwa na kodi, kipande na misiba ya vita. Mwaka 1922 alitokea Ndonye wa Kauti, akawaambia kwamba Mungu amesema naye na kwamba Wazungu wataondoka. Wengi wakamfuata, serikali ikamhamishia Siyu, kisiwani Pate. Madhila waliyoyalalamikia yalikuwa ya kweli, lakini dawa yao ilikuwa ni kungoja. Zama zizo hizo Mutisya Munge wa Wamunyu alirudi kutoka vitani Tanganyika na ujuzi wa kuchonga aliouona kwa mafundi wa huko, na kazi hiyo imewalisha Wakamba wengi mpaka leo.

Wala tusiwacheke wa kale. Mwaka 2023, hapa petu pwani, katika msitu wa Shakahola, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja. Wengi walikufa kwa njaa, na watoto walikuwamo.

Basi hofu isiyo na sura huwa mali ya yeyote atakayeipa sura. Kwa hivyo mwalimu na amwambie mtoto aitie hofu yake karatasini: ukame, vita, moto. Kisha amwulize: Ni nani aliyekuambia haya, na ana hoja gani? Mwisho amwamrishe atengeneze kwa mikono yake kitu kitakachofaa kesho. Na anayechelea kuchora vyenye roho, khati na nakshi zamtosha. Siyu yenyewe ilisifika kwa waandishi wa misahafu na mafundi wa kuchonga.

Ama sisi tunaoiamini Siku ya Mwisho, tuna mafundisho ya Mtume wetu (s.a.w.). Jua lilipopatwa siku aliyofariki mwanawe Ibrahim, aliwakataza watu kudhani kuwa limepatwa kwa ajili ya kifo chake. Na ametuamrisha kwamba Kiyama kikimkuta mtu na mche mkononi, akiweza kuupanda, na aupande. Mwenye kumfundisha mtoto Kiyama asimfundishe mche huo, amemfundisha nusu tu.

Wabillahi tawfiq.