Mlima Nisioupanda

Mwandishi anayelipwa kwa idadi ya maneno anauza nini hasa?

Mimi ni kijana wa Nduruma, nina riwaya isiyokwisha sandukuni na kibarua cha kuandika makala za intaneti nikiwa nyumbani. Mwanzoni maneno 500 yalinimaliza siku nzima. Nikajifunza ujanja: kupanga vichwa kwanza, kuzima simu, kutorudi nyuma kusahihisha kabla sijafika mwisho. Ikawa kazi ya saa moja. Nikajiona bingwa!

Ndipo nikaagizwa makala ya kupanda Meru. Mlima huo, mita 4,566, nauona kila asubuhi nikipiga mswaki, lakini sijaupanda. Nikachanganya ya wenzangu, nikaandika eti hata asiye na mazoezi anaumudu kwa siku mbili. Dakika hamsini, mshiko mkononi.

Jirani yetu mpagazi nilipomsomea alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Mdogo wangu, mwili usiozoea hewa ya juu ukiukimbiza, mtu anatapika, kichwa kinampasuka. Nani atamshusha? Si mimi?"

Kwani kosa ni haraka? Sidhani. Kuzima simu hakumdhuru mtu. Nilichokiruka ni kuuliza, dakika ishirini tu barazani kwake. Wapo watakaosema riwaya nayo ni uongo. Sawa, lakini msomaji wa riwaya anajua anadanganywa. Huyu wa makala anafunga kamba za viatu.

Nilimwomba mwenye kazi nirekebishe. Akajibu imeshapokelewa, niendelee na inayofuata. Fedha yenyewe nilishaila.