Je, Mto Wapaswa Kushukuriwa?

Kando ya mto St. Lawrence, mpakani mwa Kanada na Marekani, wakaa watu wa Mohawk, mojawapo la mataifa sita ya Haudenosaunee. Kabla ya baraza lao kuanza, mmoja husimama na kutoa shukrani iitwayo Ohén:ton Karihwatéhkwen, yaani maneno yatanguliayo mambo yote. Hushukuru kwanza watu waliokutanika, kisha nchi, ambayo huiita mama, na maji, samaki, mimea, wanyama, miti, ndege, pepo nne, ngurumo ambazo kwao ni babu, jua ambalo ni kaka, mwezi ambao ni bibi, na nyota, hata kumfikia Muumba. Kila fungu likiisha, wote hukubali kwamba nia zao zimekuwa moja. Maneno hayafungwi, msemaji hodari huyarefusha, naye mwenye haraka huyafupisha.

Wako watakaouliza: Kuishukuru ngurumo, je, si kuabudu kiumbe? Swali hili si la kupuuzwa. Lakini mtoto amshukuruye mama yake kwa uji hamfanyi kuwa mungu. Tena tukisikiliza vema, twaona kila kiumbe chashukuriwa kwa kuwa kingali chatimiza kazi kiliyoagizwa na Muumba. Samaki, kwa mfano, wasemwa kuwa waliagizwa kuyasafisha maji. Basi, mwanadamu naye angali atimiza yake?

Maana huko Akwesasne shukrani hiyo ilijaribiwa sana. Njia ya meli kubwa ilifunguliwa katika mto ule mwaka 1959, na viwanda vya jirani vikamwaga sumu, hata watu wakaonywa wasile samaki. Katika miaka ya 1980 mkunga Katsi Cook alianza kazi ya kuyachunguza maziwa ya akina mama, kwa kuwa sumu iliyomo katika samaki huingia humo pia.

Hata hivyo fungu la samaki halikufutwa. Twakiri kwamba mwanzoni tuliona jambo hilo kuwa gumu: wawezaje kumshukuru samaki usiyethubutu kumla? Lakini shukrani itolewayo kwa ajili ya shibe tu yafanana na bei ilipwayo sokoni. Naye aliyezoea kuusalimu mto kila siku atatambua upesi kwamba mto unaugua, wala hatanyamaza.

Mwaka 1979 wazazi wa Akwesasne walianzisha shule yao, watoto wafundishwe kwa lugha ya Mohawk. Humo siku huanza kwa maneno hayo, na samaki hutajwa mahali pao, baada ya maji.